Neno la Kutisha na Neno la Upole

Kila mwaka wanafunzi wangu hushtuka wanapokutana na amri "virsh destroy". Hudhani inateketeza. Kumbe virsh, programu ya kudhibiti kompyuta pepe kwa amri za kuandikwa, hulitumia neno hilo kwa maana ya kuzima kwa nguvu, mfano wa kuchomoa waya wa umeme. Kazi ambayo haijahifadhiwa yaweza kupotea, lakini diski hubaki. Amri ya kuogopwa ni "virsh undefine". Peke yake hufuta maelezo ya mashine. Ikiambatana na "--remove-all-storage", hufuta pia diski zinazosimamiwa na mfumo. Neno la upole ndilo linalobeba msiba.

Kinachomkinga mtumishi na msiba huo ni ukurasa wa maelezo ya amri. Humo, kilichowekwa ndani ya mabano ya mraba ni cha hiari. Asiyeijua kaida hiyo huweza kukidhani cha lazima, akakiandika, na kumbukumbu za wananchi zikatoweka.

Hapa ndipo suala la kiufundi linapogeuka kuwa la kisiasa. Mtoto wa Nyarubungo huenda amekua akizungumza Kishubi au Kihangaza. Shule ya msingi akafundishwa kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Akiajiriwa kuwa afisa TEHAMA wa halmashauri, anakabidhiwa seva pamoja na maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wasiomfikiria.

Hatuwezi kusema Kiswahili hakitoshi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Katikati yake, mwaka 2019, tulipata Sheria ya Serikali Mtandao. Tumetafsiri menyu na hukumu. Miongozo ya wanaotunza seva tumeiacha.

Sipendekezi amri zenyewe zitafsiriwe, kwa kuwa mashine haitazielewa. Napendekeza kila ofisi ya umma iwe na mwongozo wa Kiswahili unaojibu maswali matatu kwa kila amri: inafuta nini, inaacha nini, na je, yaweza kutenguliwa? Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu waanzie hapo. Mwananchi ambaye hataiona seva hiyo kamwe ana haki ya kujua kwamba anayeishika anaelewa anachokiandika.