Umepona, Wacha Dawa

Sisi tuliozaliwa Malindi kabla ya uhuru tulilelewa tukijua hali mbili tu: mgonjwa na mzima. Mgonjwa hulala, huletewa uji, humeza dawa. Mzima huamka akenda baharini au shambani, na vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini vingoje homa ya mwengine. Ndivyo tulivyotumia klorokwini miaka yote ile: kichwa kikipoa, dawa imekwisha kazi.

Wajukuu zetu wametuletea hali ya tatu, nasi bado hatujajua kuishi nayo. Ni hali ya mtu aliyepandikizwa figo. Kabla ya hapo alikuwa wa mashine, akisafishwa damu wiki baada ya wiki, akikatazwa hata madafu, maana maji ya dafu yana potasiamu nyingi, na figo zilizokufa haziwezi kuitoa. Ikizidi mwilini husimamisha moyo. Kumnyima mtu wa pwani hii dafu! Kisha nduguye akajitolea figo, harambee ikapita Mambrui mpaka Mtwapa, akasafiri Nairobi au India, akarudi. Uso umejaa, anakula kwa hamu. Nasi wazee barazani tunamtazama kwa furaha na kumwambia: alhamdulillahi, umepona, wacha dawa.

Neno hilo, pamoja na huruma yake yote, linaweza kumuua.

Mashavu yale si siha. Ni kazi ya predinisoloni, dawa ya jamii ya steroidi anayomeza ili mwili wake usiishambulie figo ya nduguye kama mgeni. Joseph Murray alipofanikiwa kupandikiza figo Boston mwaka 1954, mtoaji na mpokeaji walikuwa pacha wa kufanana, mwili haukuona tofauti. Wasio pacha walihitaji dawa za kuutuliza mwili, na steroidi zilikuwa mstari wa mbele. Miaka ya 1980 ikaja saiklosporini, baadaye takrolimasi, na hizo ndizo zilizowapa madaktari nafasi ya kushusha predinisoloni. Na kushushwa ni lazima, kwa sababu ikikaa juu muda mrefu hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, hutia ukungu machoni na hufukuza usingizi. Wengi huanza na miligramu 20 au zaidi kwa siku, wakateremka kwa wiki na miezi mpaka 5. Wako wanaobaki hapo maisha yao yote, na wako wanaoondolewa kabisa. Uamuzi huo ni wa daktari wa figo, aliyeshika matokeo ya damu mkononi.

Mbona taratibu hivyo? Juu ya kila figo tuliyozaliwa nayo pana tezi ndogo itengenezayo kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari na kuupa mwili nguvu ya kusimama na maradhi. Figo mpya hupachikwa chini ya tumbo, karibu na kinena. Zile za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake, na tezi zake juu. Lakini kidonge kikija kila asubuhi kwa miezi, tezi huacha kazi. Miligramu 5 za predinisoloni zakaribia kiasi ambacho mwili wenyewe hutengeneza kwa siku, ndiyo maana kuteremka chini ya hapo ni kwa hadhari kubwa. Ukikata ghafla, mtu huishiwa nguvu, hutapika, presha hushuka, huanguka. Hata akipunguziwa sawasawa, viungo vinaweza kumuuma na moyo kumwinamia, na hapo utasikia wa nyumbani wakisema ni malaria, au amerogwa. Na figo nayo yaweza kuanza kukataliwa pasipo maumivu yoyote. Kipimo cha kreatinini ya damu ndicho kitakachosema.

Nawaheshimu vijana hawa. Msichana anayekaribia harusi, uso umemvimba asijitambue kwenye kioo, huku akijua kwamba kujipunguzia vidonge kwa siri ni kuihatarisha figo ya kakake, amebeba subira ambayo kizazi changu hakikuombwa kuibeba. Yuko peke yake katika hesabu hiyo kila asubuhi. Tumsaidie japo kwa kunyamaza pale tusipojua.

Yako na mambo ya nyumbani ambayo twaweza kuyabeba. Balungi lisiwekwe mezani pake, maana hupandisha takrolimasi mwilini kupita kiasi. Ramadhani ikiingia asishindiliwe saumu kwa aibu: takrolimasi ya kawaida hunywewa kila baada ya saa 12, na mchana wa saumu huku kwetu unapita saa 13. Aulize daktari wake mapema, na jibu lake liheshimiwe na jamaa wote, hata waliozoea kuhesabu nani amefunga na nani hakufunga.

Na akishikwa na homa, au akitapika kidonge kisikae tumboni, asingojeshwe mpaka asubuhi. Siku za ugonjwa mwili huhitaji kotisoli zaidi, na tezi zilizolala haziwezi kuitoa. Huenda dawa ikahitaji kuongezwa au kutiwa kwa sindano. Apelekwe hospitali iliyo karibu, iwe Malindi au Kilifi, na mzee anayemsindikiza aseme kabla hajaulizwa: huyu ana figo ya kupandikizwa, anatumia predinisoloni, na kipimo chake cha leo ni hiki.