Rangi Zilizoandikwa Nyuma

Jumamosi usiku hakuna aliyeoga nyumbani kwetu Michenzani, Unguja, mpaka picha ziishe. Ami yangu alikuwa amelifanya bafu chumba chake cha giza: blanketi dirishani, taa nyekundu juu ya kioo, mabeseni matatu ya dawa yamepangwa sakafuni. Kamera yake ilikuwa Praktica, aliyorudi nayo kutoka masomoni Ujerumani Mashariki, nchi ileile iliyosaidia kujenga majumba tuliyokuwa tukikaa. Mimi kazi yangu ilikuwa kulitikisa beseni polepole na kungoja jahazi lijitokeze kwenye karatasi tupu.

Ilikuwa 1983, nami nina miaka 14. Bidhaa zilikuwa adimu madukani, na mkanda wa picha ulikuja kwa bahati, mara nyingi mfukoni mwa mtu aliyetoka safari. Mkanda mmoja picha 36, na Ami aliweza kukaa nao miezi miwili. Baada ya Alasiri tulishuka Forodhani, tukakaa kwenye ukuta wa bahari, kamera imefungwa ndani ya kifuko chake. Jioni nyingi haikutoka kabisa. "Leo halina neno," alisema akilitazama jua, kisha tukanunua mishikaki tukarudi.

Siku ambazo jua lilikuwa na neno, alinifundisha. Kipima mwanga usikielekeze juani, alisema, kitadanganyika. Kielekeze kwenye mbingu iliyo ubavuni mwa jua, soma hapo, kisha ndipo urudi kwenye picha yako. Alinionyesha pia kwamba jua halizami mahali pamoja. Msimu wa kusi, mwezi wa sita na wa saba, lilizama upande wa kaskazini, karibu na visiwa vyetu. Ikifika kaskazi ya mwezi wa kumi na mbili, lenyewe limekwisha kuhamia kusini. Upepo ukitoka huku, jua linakwenda kule.

Picha ya kwanza niliyopiga kwa mkono wangu ilinitoa machozi. Nilikuwa nimeona mbingu inayowaka, na kilichotoka kwenye beseni kilikuwa kijivu juu ya kijivu. Televisheni ya Zanzibar ilikuwa ikionyesha rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuniambia kwamba rangi haziwezekani.

"Ami, mbona jua limekuwa jeupe?"

"Kamera hii haizijui rangi, mwanangu. Wewe unazijua. Ziandike nyuma."

Akanipa kalamu yake ya wino. Picha yenyewe ilikuwa na ukubwa wa postikadi, na mwandiko wangu ulikuwa mnene, kwa hiyo nyuma yake haikutosha zaidi ya mishororo mitatu. Chuoni na skulini tulikwisha kufundishwa kuhesabu mizani kwa vidole, nane na nane. Nikaandika:

*Magharibi zambarau, jua limeiva embe,*
*Na tanga la lile dau, jeupe mithili pembe,*
*Picha ijaposahau, wino usiache chembe.*

Ami alihesabu kwa vidole vyake, akakubali mizani, akauliza kama kweli tanga lilikuwa jeupe namna hiyo. Halikuwa. Lilikuwa limechakaa kwa moshi na maji ya chumvi, na pembe niliiweka kwa ajili ya kina tu. "Basi picha yangu inasema kweli na shairi lako linadanganya," alisema. Tangu siku hiyo nilianza kuzitafuta rangi kwa uangalifu zaidi, nikagundua kuwa kuzitaja kwa Kiswahili ni kama kupita sokoni na shambani: chungwa, zambarau, kahawia, manjano, maji ya kunde. Kijivu kina jivu ndani yake. Wekundu ulioiva sana ni damu ya mzee. Na samawati, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mbingu zenyewe. Kila jioni nilipaswa kuamua: hili wingu ni la chungwa au limeshaingia damu ya mzee? Kamera haikuniuliza swali hilo. Shairi liliuliza.

Katikati ya miaka ya 80 biashara ilifunguliwa. Mikanda ya rangi ikaingia madukani, na studio zenye mashine zikachukua kazi ya bafu letu. Ulipeleka mkanda, ukarudi baadaye kuchukua bahasha. Ami alilikunja blanketi lake bila ya kusema kitu. Mimi nilifurahi. Zambarau ilikuwa ndani ya picha yenyewe, kila mtu anaiona, na kuiandika tena nyuma ilikuwa kama kumwambia mtu mvua inanyesha naye amelowa. Shairi likabaki bila kazi.

Kwa muda sikuandika. Kisha, mwaka 1994, nikiwa na picha nzuri ya mashua zikirudi Malindi ya Unguja, niliona kilichokosekana:

*Tanga lapiga makofi, pepo zimechacha leo,*
*Picha imetoka safi, haisikii machweo.*

Nikapata kazi mpya ya kuipa kalamu: sauti, harufu ya dagaa na kamba mbichi, baridi ya maji miguuni. Mambo ya rangi niliyaachia kamera. Miaka kumi na zaidi sikuandika jina la rangi hata moja.

Ami alifariki kabla sijanunua kamera ya dijitali. Angeicheka. Haikuwa na mkanda wa kuhesabu, na mazoea ya kusema "leo halina neno" yakanitoka ndani ya wiki moja. Jua lolote lilipigwa, mara 20, mara 30. Desemba 2009 umeme ulipokatika, Unguja ikakaa gizani miezi mitatu, betri yangu ikafa ukutani pale Forodhani na jua halijagusa maji. Nilikaa nikatazama hadi ule wekundu wa mwisho ukatoweka na Isha ikaadhiniwa. Mji ulikuwa mweusi, na nyota zilishuka mpaka kwenye milingoti. Jioni hiyo ina mishororo minne daftarini na haina picha. Umeme uliporudi, nikarudi kwenye mazoea. Halafu ikaja simu, ambayo hata kuchaji na kuibeba mtu haoni kazi, na mashairi yakaisha kimyakimya.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka, na mnara wake wa saa ukaenda nayo. Watu wawili walikufa. Jumba lile la 1883 limesimama mbele ya Forodhani, hatua chache kutoka ukuta niliokalia tangu utotoni. Usiku ule nilitaka kuuona mnara. Nikaanza na simu, nikaenda kwenye kompyuta, mwisho nikateremsha bati la biskuti lenye picha za zamani.

Maelfu ya machweo, na mnara haumo. Bila shaka haumo: anayepiga jua likizama amelipa jumba mgongo. Watu kama Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, waligeuza lenzi zao kwa watu na majengo, na kwao ndiko mtu huenda kuutazama mji uliopita. Mimi miaka yote hiyo nilitazama upande mmoja.

Ndani ya bati nilikuta jambo jingine. Picha za rangi za miaka ya 90 zimechujuka; samawati imekimbia, na mashua za Malindi zinaelea kwenye wekundu wa udongo ambao haukuwahi kuwepo. Nikageuza nyuma: tanga lapiga makofi. Rangi hakuna. Lakini ile ya kijivu ya 1983 iko kama ilivyotoka kwenye beseni, na nyuma yake wino unasema zambarau, unasema embe. Jioni ya 1983 ninaijua rangi yake. Ya 1994 siijui tena.

Siku hizi nashuka Forodhani na simu kama wengine. Napiga picha tatu, basi. Kisha naigeuzia bahari mgongo na kutazama mabati ya mafundi penye Beit el-Ajaib, mianga ya mwisho ikiparamia kuta, majina ya rangi nikiyatafuta mdomoni kabla hayajabadilika. Picha ya mwezi uliopita niliichapisha ukubwa wa postikadi. Nyuma nimeandika:

*Machoni jua lazama, mgongoni latokea,*
*Mnara ulisimama, nilidhani wangojea.*

Mshororo wa tatu una nafasi. Nimeiacha kwa ajili ya rangi ya ule ukuta wa jumba. Jana ilikuwa maji ya kunde, na leo sina hakika.