Dhamana Bila Mdhamini

Kiswahili kina neno zuri la kile kikadi unachopewa dukani ukinunua friji: dhamana. Ni neno zito kuliko kikadi chenyewe. Mtu akikamatwa na polisi, ndugu zake wanakwenda kumwekea dhamana. Ukitaka mkopo wa kikoba hapa Kibiti unatafuta wadhamini, watu wawili watatu wanaojulikana wanakaa mtaa gani, ambao usipolipa watafuatwa wao. Dhamana kwetu ina sura ya mtu. Ina mlango wa kugongwa hata usiku. Kikadi cha dukani kina nembo, kina muhuri, kina "MWAKA MMOJA" kwa herufi kubwa, lakini ukikigeuza mbele na nyuma hukuti jina la binadamu.

Mama yangu anauza kamba. Wanatoka delta kwa boti mpaka Nyamisati, wanapanda pikipiki hadi Bungu, halafu gari mpaka Kibiti mjini. Anayewajua kamba anajua hawana subira. Kwenye joto letu hili, bila barafu, saa chache tu kichwa kinaanza kuwa cheusi, na mteja akishaona kichwa cheusi bei imekufa. Ndiyo maana tulinunua friza Kariakoo, ya lita 200, kwa laki saba na nusu. Muuzaji aliipiga kofi mlangoni kama mtu anayemsifia ng'ombe wake: "Dada yangu, hii haina maneno. Waranti mwaka mzima, mota miaka mitano."

Baada ya miezi saba ikanyamaza. Ilikuwa Ramadhani, mama ana kilo kumi na moja za kamba ndani, na mifuko ya barafu ambayo watu walikuwa wanaifuata kila jioni kabla ya futari. Unasikia "tik", halafu kimya, dakika chache "tik" tena. Taa inawaka, baridi hakuna. Usiku ule kamba wengine tuliwagawa kwa majirani, waliobaki tukawachemsha kwa chumvi na kuwaanika asubuhi. Mama hakulalamika. Alikaa kwenye kigoda akahesabu kwa vidole fedha za watu alizokuwa anadaiwa.

Namba ya huduma kwa wateja ilipokelewa siku ya tatu. Binti mwenye sauti nzuri akanisikiliza mpaka mwisho, kisha: "Pole sana mama, ila Kibiti haipo kwenye eneo letu la mafundi. Mtaleta mzigo ofisini." Kibiti ni kama kilomita 140 tu kutoka Dar es Salaam, na ni lami. Sasa kama sisi wa barabarani tuko nje ya ramani, mtu wa Mbwera, ambaye anasubiri kwanza maji yajae ndiyo boti itoke, yeye waranti aliyouziwa ni ya nini?

Basi tukaupeleka mzigo. Nauli yangu, nauli ya friza, wabebaji wa kuipandisha na wabebaji wengine wa kuishusha Rangi Tatu, kisha kirikuu cha kuifikisha kituoni kwao. Mezani wakataka risiti. Ile tunayohimizwa kila siku, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Niliidai, nikapewa, nikaitunza. Lakini karatasi ya mashine ya EFD inaandikwa kwa joto, si kwa wino, na kwa joto hilohilo inafutika. Iliyokuwa risiti yangu ilikuwa imebaki karatasi nyeupe yenye vivuli vya kijivu. Bahati mdogo wangu aliipiga picha siku ileile ya kununua. Walibishana wao kwa wao nusu saa kama picha ni risiti, wakakubali.

Fundi wao alikuja, kijana mwenye fulana safi. Hakupima chochote. Aliuliza, "Mnakaa wapi?" Nikamwambia Kibiti. "Aah, umeme wa huko mdogo. Mota imeungua. Waranti haihusu umeme." Akaandika hivyohivyo kwenye fomu. Mota mpya laki mbili na themanini, na ufundi juu yake.

Nilikaa kwenye benchi lao nikasoma upande wa nyuma wa kile kikadi, maandishi ya sisimizi. Dhamana hii haitahusu uharibifu unaotokana na umeme usio thabiti, unyevu, chumvi, wadudu, au usafirishaji. Nikacheka peke yangu. Umeme usio thabiti, unyevu, chumvi, wadudu na safari: ondoa hivyo, Kibiti inabaki nini?

Nisimwonee yule kijana. Umeme mdogo unaua mota kweli. Hesabu ya soketi zetu ni volti 230. Zikishuka sana, mota inalazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi ili kusukuma gesi ileile, inapata moto, na nyaya zake za ndani zinaungua. Umeme ukikatika na kurudi haraka ni vibaya zaidi, kwa sababu gesi bado ina presha na mota inajaribu kuondoka huku imebanwa. Kwa hiyo alichosema kinawezekana. Kinachoniuma ni kwamba alikijua kabla ya kufungua hata skrubu moja, kwa kusikia jina la mahali. Na mto wa huko kwetu, Rufiji, ndio uliojengewa Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115!

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora unaostahili kuuzwa, hata kama hakuna kikadi chochote. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu waranti na haki zake. Juu ya kichwa cha yule binti wa mapokezi, hata hivyo, palibandikwa sheria inayojulikana zaidi nchini: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Tuliirudisha Kibiti ilivyo. Fundi wetu wa mtaani aliahidi Jumamosi akaja Jumanne, na tunamjua ndivyo alivyo. Alichomoa kidude kidogo cheusi ubavuni mwa mota, rilei ya kuwashia, akakitikisa karibu na sikio langu. Kilikuwa kinacheza ndani kama njuga. Akaweka kingine, elfu kumi na tano. Mota ikanguruma. Nikamuuliza, na dhamana je? Akashangaa swali. "Ikizima si unanijua, dada? Mimi swala zote nipo pale."

Alituagiza pia tununue kile kilinzi cha friji, kinachokata umeme ukishuka na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Kariakoo hakuna aliyetutajia.

Mwezi uliopita jirani yetu naye alitaka friza, ya aina ileile. Kuna duka hapa stendi wanaiuza laki nane na kumi, elfu sitini zaidi ya Kariakoo. Mumewe alinung'unika kuhusu hizo sitini. Yeye akalipa. Walipokuwa wanaipakia kwenye mkokoteni, mwenye duka akatoka na kalamu nene nyeusi, akaandika namba yake ya simu ubavuni mwa friza, juu ya rangi nyeupe, na chini yake jina lake na la baba yake.