Mgeni wa Samail

Mjomba wangu alizaliwa Unguja, akahamia Omani katika mwaka 1972, akajenga karibu na Samail. Jioni moja tuliketi barazani, akaionyesha milima ile myeusi isiyoota jani, akasema, "Mwanangu, wewe umesoma mawe. Milima hii ni wenyeji au ni wageni?"

Nilijibu kwa haraka ya kijana mwenye shahada mpya kwamba ni wageni: sakafu ya bahari iliyopanda juu ya nchi ya wengine. Mjomba akanyamaza. Jirani zake walikuwa bado wakimwita Zinjibari, na nyumbani mwake salamu na ugomvi vyote vilikuwa kwa Kiswahili. Nilitambua kuwa nimemjeruhi. Sikutambua kuwa nimekosea pia.

Yapata miaka milioni 96 iliyopita, sakafu ya bahari ya kale iitwayo Tethys ilipasuka na kutanuka. Mwamba wa moto ulipanda kutoka chini, sehemu yake ikayeyuka. Uji huo uliganda kwa tabaka: gabro chini, kuta nyembamba zilizosimama wima katikati, na juu basalti iliyovimba kama mito ya kulalia ilipokutana na maji baridi. Chini ya vyote ulibaki mwamba mzito wa peridotiti. Mkusanyiko huo huitwa ofioliti, jina lililotungwa na Mfaransa Alexandre Brongniart katika 1813 kwa neno la Kiyunani la nyoka.

Desturi ya sakafu ya bahari ni kuzama chini ya bara ikapotea. Hapa mambo yaligeuka. Ukingo wa Bara Arabu ndio uliovutwa ukaingia chini ya sakafu ile changa. Lakini mwamba wa bara ni mwepesi; ulishuka hata ukashindwa kuzama zaidi, ukarudi juu na mzigo wake mgongoni. Kufikia miaka milioni 70 iliyopita kazi ilikuwa imekwisha.

Mjomba alifariki kabla sijasahihisha jibu langu. Ningalimwambia kuwa mlima ule haukumpanda mtu. Nchi yenyewe iliinama chini yake ikauinua. Na shaba ya mawe hayo ilipofika kwa Wasumeri, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, waliijua kwa jina la nchi iliyoibeba, Magan, si kwa jina la bahari iliyoizaa.