Pesa ya Nyasi

Ujumbe wa M-Pesa uliingia nikiwa kwenye matatu, nikielekea Eastleigh, mapema mwaka wa 2017. Pesa haikuwa yangu. Aabo hakuwa na simu wakati huo, kwa hivyo wafugaji walipoandikishwa kwetu Wajir alitoa namba yangu. "Huyu ndiye aliyesoma," aliwaambia.

Mpango ulikuwa wa serikali, na ulianzia Wajir na Turkana mwaka wa 2015. Mfugaji aliyechaguliwa alilipiwa bima ya ng'ombe watano; kama una mbuzi, kumi walihesabiwa sawa na ng'ombe mmoja. Hakuna aliyekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti ilipima ukijani wa malisho kutoka angani, na ukishuka chini ya kiwango fulani, malipo yanatoka. Aabo alicheka sana aliposikia hayo. "Yaani kuna jicho huko juu linaangalia nyasi zangu?"

Mimi pia nilicheka. Lakini kuna jambo sikulitilia maanani: ile ilikuwa pesa ya nyasi, si pesa ya ng'ombe aliyekufa. Inatolewa mnyama akiwa bado amesimama, ili ununue chakula na maji kabla hajaanguka.

Siku hiyo nilikuwa na deni la nyumba la miezi miwili. Landilodi alikuwa ameshapiga kufuli mlango wa jirani yangu. Nikajiambia, ukame ni wa miezi na miezi, sasa wiki mbili ni nini? Nikalipa kodi. Aabo alipoazima simu ya watu kuniuliza, nikamwambia bado haijaingia.

Nilituma siku ya kumi na saba, baada ya mshahara. Binamu yangu alienda kutafuta marobota ya nyasi akakuta bei imepanda. Alirudi na nusu ya yale tuliyotarajia. Ng'ombe wawili walikuwa wamelala chini tayari. Vijana waliwainua asubuhi na jioni, mmoja akishika mkia, wengine wakisukuma ubavuni, lakini wapi. Mmoja wao ndiye aliyemzaa dume aliyeuzwa nikaenda chuo.

Aabo hakulalamika. "Ni kazi ya Mungu," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini hii serikali yenu nayo! Wangeleta mapema kidogo tu."

Nilinyamaza. Ningesema nini?

Mwaka wa 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, nilimpelekea simu na laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Aliigeuzageuza mkononi, akauliza mbona nimejisumbua. Nikamwambia ni ili pesa yake imfikie yeye mwenyewe.

"Kwani kwako ilikuwa inapotea?" aliuliza akicheka.

Safari hii sikucheka naye. Nilimwomba aketi chini ya mti, nikaanza na ile matatu ya Eastleigh.