Mlima wa vichwa vine

Bandugu wanafunzi, mulituuliza tuliona nini Marekani wakati wa vakansi. Ya Yellowstone tutasema kidogo tu: ni parke ya mwaka 1872, maji ya moto yanaruka toka udongo, na nyati wakipita barabarani motokari zote zinangojea. Sisi watu wa karibu na Virunga hatukuogopa moto wa chini!

Lakini Mount Rushmore, kule Dakota ya Kusini, ilitusumbua moyo. Toka 1927 mpaka 1941 walichonga mu jiwe la mlima vichwa vya maprezidenti wane: Washington, Jefferson, Roosevelt na Lincoln. Jiwe jingi waliliondoa kwa baruti. Kila kichwa ni metre 18 hivi. Pua peke yake, metre sita! Watu walipiga foto, nasi pia tulipiga.

Kisha tukauliza: mlima huu ni wa nani? Kwa mapatano ya 1868, Serikali ilikubali kama inchi ile ni ya Walakota na ndugu zao. Mu 1874 zahabu ikaonekana, na 1877 wakanyang'anywa. Mu 1980 Tribinali Kuu ikasema walionewa, walipwe zaidi ya dola milioni 100. Wakakataa! Feza ilibaki, ikazaa, ikapita miliari moja, nao hawaigusi. Wanataka udongo wao.

Mu motokari tulibishana mpaka giza. Mmoja alisema yeye angepokea, ajenge mashule. Wengine tulinyamaza, tukifikiri mashamba ya babu zetu.