Pampu ya mtoto na pasi ya baba katika sanduku moja

Masanduku matatu yalikuwa yameshafika mlangoni. La nne, jekundu, halikuwapo. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, meli imeshaiacha bandari ya Galveston, Texas, na ndani ya chumba binti wa miaka saba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mabega yamepanda, akivuta pumzi kwa shida kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi.

Mama yake alijua pampu ya pumu ilipo. Ilikuwa kwenye mfuko wa mbele wa sanduku jekundu. Sanduku lenyewe lilipo ndiko hakukujua.

Ilikuwa safari ya kwanza ya meli ya kitalii kwa familia hii ya Kitanzania inayoishi Houston. Baba ni dereva wa lori, mama ni msaidizi wa wauguzi na zamu zake nyingi ni za usiku. Walidunduliza mwaka mzima ili wapate siku tano za kwenda Cozumel, Mexico, na kurudi. Watoto ni wawili: binti mwenye pumu na mdogo wake wa kiume wa miaka miwili.

Usiku wa kuamkia safari, mama alirudi kazini saa nne, akafunga mizigo hadi saa nane. Begi la mkononi lilikuwa limejaa. Ndani yake kulikuwa na nepi, juisi za watoto, na bakuli kubwa la maandazi aliyoyakaanga mwenyewe, kwa sababu mtoto mdogo hali chakula asichokizoea. Kipochi cha pampu hakikupata nafasi. Binti hakuwa amekohoa kwa wiki tatu. Mama akakiweka kwenye mfuko wa mbele wa sanduku, akaenda kulala.

Alfajiri, mke akiwa bado amelala, baba alifungua sanduku lilelile na kuingiza pasi. Amelelewa katika nyumba ambayo shati lenye mikunjo ni aibu ya familia nzima, na alikuwa amesoma kwamba usiku mmoja melini watu huvaa mavazi rasmi. Hakumwambia mkewe. Ni pasi tu, nani atangaze pasi?

Mchana sanduku huondoka, jioni ndiyo hurudi

Asiyewahi kupanda meli za namna hii hudhani mzigo wake atauburuta mwenyewe hadi chumbani. Sivyo. Nje ya jengo la bandari wapagazi hupokea masanduku makubwa yakiwa yamefungwa vibandiko vyenye namba ya chumba. Hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, kisha hupakiwa melini pamoja na masanduku ya maelfu ya abiria wengine. Mwenye mzigo anaweza kupanda saa sita mchana, akala, akatembea, akafanya mazoezi ya dharura ambayo kila abiria hulazimika kuyafanya, na sanduku lake likamfikia mlangoni jioni, pengine baada ya chakula cha usiku.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kwa saa tano, sita au zaidi, familia huishi kwa kile ilichobeba mkononi.

Baadhi ya mambo wenzi hawa waliyafanya vizuri. Pasipoti zote, kadi za ukaaji wa kudumu za wazazi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilikuwa kwenye bahasha moja ndani ya mkoba wa mama. Ilikuwa busara, kwa maana hati hukaguliwa kabla ya kupanda, wakati masanduku yameshachukuliwa. Nyuma yao kwenye foleni kulikuwa na mzee mmoja na mkewe ambao pasipoti zao zilikuwa zimekwenda na mzigo. Waliwekwa pembeni. Familia ilipopanda ngazi, wazee wale walikuwa bado wamesimama, mmoja ameshika ukuta.

Maandazi hayakupita. Meli nyingi haziruhusu abiria kupanda na chakula kilichopikwa nyumbani. Hukubali vitu vilivyofungwa kiwandani ambavyo havijafunguliwa. Mkaguzi aliomba radhi kwa upole, akaonyesha pipa. Mama alimwaga maandazi yote, na begi likawa jepesi ghafla. Ile nafasi ambayo kipochi cha pampu kilikosa usiku sasa ilikuwa wazi, na sanduku lilikuwa limeshakwenda.

Jioni ya kwanza

Mchana ulikuwa mzuri. Nguo za kuogelea zilikuwa kwenye begi la mkononi, na bwawa lilikuwa wazi tangu mapema, hivyo binti aliingia majini wakati watoto wengine wakizunguka na jinzi, wakisubiri masanduku. Mdogo wake aliambulia kutazama tu, maana mtoto anayevaa nepi haruhusiwi kwenye bwawa kuu, hata akivaa nepi za kuogelea. Binti alikimbia kwenye sitaha, akaingia ukumbini kwenye ubaridi wa kiyoyozi akiwa na nywele mbichi, akatoka tena juani. Saa kumi na moja alianza kikohozi kile kikavu ambacho mzazi wa mtoto mwenye pumu hukitambua hata akiwa usingizini.

Walishuka chumbani. Masanduku matatu.

Mama alitafuta kwenye begi la mkononi mara mbili, ingawa alijua pampu haimo. Baba alipiga simu mapokezi. Akaulizwa namba ya chumba, kisha akaulizwa kama ndani ya sanduku kuna kitu cha umeme.

Hapo ndipo pasi ilipojitokeza.

Moto ndio janga linaloogopwa zaidi melini, maana katikati ya bahari hakuna pa kukimbilia. Ndiyo sababu meli nyingi hukataza vyombo vya kupasha moto vyumbani: pasi, birika la umeme, jiko dogo, pamoja na mishumaa. Nyaya za soketi nyingi zenye kifaa cha kuzuia umeme kupanda nazo hukataliwa. Mashine ya ukaguzi ikiona kimojawapo, sanduku halipelekwi chumbani. Huwekwa kwenye chumba maalumu sitaha za chini mpaka mwenyewe aende, alifungue mbele ya walinzi, akabidhi kilichokatazwa na kupewa risiti ya kukichukua siku ya kushuka.

"Uliweka pasi?" mama aliuliza.

"Na wewe uliweka pampu kwenye sanduku?" baba akajibu.

Hakuna aliyesema zaidi. Binti alikuwa anawatazama wote wawili, na alikuwa ameanza kuvuta hewa kwa misuli ya shingo. Mama alimbeba mgongoni, akashika njia ya zahanati ya meli. Baba alimchukua mdogo, akateremka kutafuta sanduku.

Kwenye chumba cha mizigo iliyozuiliwa kulikuwa na foleni. Kila mtu alikuwa na lake: huyu birika, yule chupa za pombe, mwingine kisu cha kukatia matunda. Baba alisimama na mtoto begani dakika mbili, tatu. Kisha alifanya jambo ambalo mkewe anasema hajawahi kumwona akilifanya, kwa kuwa ni mtu wa haya. Alipaza sauti mbele ya umati: mwanangu hapumui, dawa iko humo. Foleni ikagawanyika. Mlinzi alifungua sanduku pale pale, akampa kipochi mkononi, akamwambia akimbie, pasi wataizungumza baadaye.

Alipofika zahanati, binti alikuwa ameshawekewa kinyago cha dawa ya mvuke usoni. Mabega yalikuwa yanashuka taratibu. Mama alikuwa amemshika mguu, si mkono, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kipimo kidoleni na mwingine mtoto aliutumia kushikilia kinyago mwenyewe. Baba aliweka pampu juu ya shuka, karibu na goti la mtoto. Wote wakaitazama kana kwamba imechelewa harusi.

Bili na ukimya

Meli kubwa za kitalii huwa na daktari na wauguzi, na hilo ni la kumshukuru Mungu. Lakini huduma hiyo si sehemu ya tiketi. Gharama huingizwa kwenye akaunti ya chumba, na bima nyingi za nyumbani hazilipi matibabu ya melini, au hulipa kidogo. Bili ya jioni ile ilimeza fedha walizotenga kwa matembezi ya boti yenye kioo chini, ambayo binti alikuwa ameyangojea tangu Krismasi.

Usiku ule watoto walipolala, wazazi walikaa kwenye ngazi nje ya chumba. Kila mmoja alikuwa na hoja. Baba alisema pasi ingechelewesha mashati tu, haikuwa na kosa kama dawa ingekuwa mkononi. Mama alisema bila pasi sanduku lingefika na yale matatu, na mtoto angevuta dawa yake kabla hali haijawa mbaya. Wote walisema kweli, na hilo ndilo lililoufanya ugomvi uwe mgumu kumalizika. Kosa la mmoja pekee lingepita bila kujulikana.

Mwishowe mama alisema jambo ambalo halikuwa hoja. Alisema alipokuwa mdogo walisafiri na mama yake kwa meli ya usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba. Mizigo ilikaa popote palipopatikana, ndizi za watu juu yake, watoto wamelala juu ya ndizi. Lakini nauli na vidonge vya malaria mama yake alivifunga kwenye pindo la kanga, na kanga akajifunga kiunoni. Hata akisinzia, mkono ulikuwa juu ya fundo. "Nimesomea kazi ya kutunza wagonjwa," alisema, "nikasahau fundo."

Baba hakujibu. Asubuhi alitoboa tundu kwenye kipochi cha pampu, akapitisha kamba ya kadi ya chumba, akamvalisha binti shingoni chini ya fulana.

Mara ya pili

Cozumel hawakupanda boti. Walitembea kando ya bahari, wakala aiskrimu, binti akahesabu pweza waliochorwa kwenye kuta. Usiku wa mavazi rasmi baba alivaa shati lenye mikunjo. Alikuwa amelitundika bafuni wakati wa kuoga maji ya moto, na mvuke ulilinyoosha nusu. Hakuna aliyemtazama.

Kisha ukafika usiku wa mwisho, ambao nao huwanasa wengi. Masanduku huwekwa nje ya mlango kabla ya kulala, hukusanywa usiku, na abiria huyakuta bandarini asubuhi baada ya kushuka. Aliyefunga kila kitu huamka hana viatu wala suruali. Mwaka hadi mwaka wapo wanaoshuka na nguo za kulalia.

Safari hii walifungasha pamoja. Mama aliandika kwenye karatasi, baba akapanga kitandani, binti akahakiki kwa kugusa kimoja kimoja. Pasipoti, kadi na vyeti. Dawa zote, zikiwa kwenye makopo yake yenye jina la mgonjwa, za siku ile na za ziada. Miwani ya mama. Simu na chaja, simu zikiwa zimewekwa kwenye hali ya ndege, maana mtandao wa baharini hutoza ghali bila mtu kujua. Fedha na kadi ya benki. Nguo za kesho za kila mmoja, viatu vikiwamo. Sweta la binti kwa ajili ya kiyoyozi. Nepi za nusu siku, vitambaa vya kufutia, na biskuti ambazo pakiti yake haijafunguliwa. Ufunguo wa gari.

Vitu vyote viliingia kwenye begi moja, na nafasi ikabaki.

"Kitu gani tukikikosa kwa saa sita, mtu ataumia?" baba aliuliza. Ndilo swali walilokuwa wamekubaliana kuuliza kabla ya kufunga zipu. Binti alishika kamba shingoni mwake, akaivuta, akaonyesha kipochi.

Swali hilo halihitaji meli ya kitalii. Linafaa kwa mzazi anayeweka begi kwenye buti la basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya, anayekabidhi sanduku uwanja wa ndege, au anayevuka kwenda Unguja na mzigo wake umerundikwa chini ya ya watu wengine. Linafaa zaidi likiulizwa na watu wawili kwa sauti, kila mmoja akisema alichoweka wapi, hata kama ni pasi tu.

Asubuhi walishuka Galveston. Baba aliwasilisha risiti, akarudishiwa pasi ikiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye namba ya chumba. Kwenye maegesho mama alimpigia mama yake, Bukoba, ambako ilikuwa jioni. Alimsimulia yote, hata maandazi.

Kulikuwa na kimya kifupi upande wa pili.

"Mtoto anaendeleaje?" bibi aliuliza. Alipoambiwa anaendelea vizuri na amelala kwenye kiti cha nyuma, aliuliza swali moja tu lililobaki: pampu iko wapi sasa hivi?

Mama aligeuka kuangalia. Mkono wa binti, hata usingizini, ulikuwa juu ya kipochi.